Bwana Harusi wa Marehemu

Mke wa rafiki yangu alinipigia simu siku ya tatu baada ya msiba, saa nne asubuhi, nikiwa dukani kwangu nauza dawa ya kupe. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Shemeji," akasema, "naomba picha yake ya shule. Za utotoni nimepata, za kazini ziko nyingi. Za sekondari hakuna hata moja."

Nikamwambia asijali, nitatafuta. Mteja aliyekuwa mbele yangu aliondoka na dawa ya minyoo badala ya dawa ya kupe, na mimi sikutambua mpaka aliporudi kesho yake kunieleza kwamba ng'ombe wake bado anajikuna.

Marehemu na mimi tulikutana siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, katika shule ya bweni ya wavulana chini ya mlima Menengai. Tulipewa kitanda kimoja cha ghorofa. Yeye alilala juu kwa sababu alikuwa mwepesi kama kuku wa miezi miwili, mimi nikalala chini kwa sababu mkuu wa bweni aliniangalia mara moja tu akasema, "Huyu akianguka atatoboa sakafu." Miaka minne nililala nikitazama umbo la mgongo wake kwenye godoro. Baadaye yeye akawa fundi wa mitambo kule Olkaria, wanakozalisha stima kwa mvuke wa ardhini, na ukimuuliza anafanya kazi gani alikuwa anajibu, "Nachemsha dunia." Kisha figo zikamkataa. Alilala hospitali siku tisa. Siku ya saba nilimtembelea, akaniambia chakula cha pale kinamkumbusha shule, tofauti ni kwamba hapa mtu anakubembeleza ule. Siku mbili baadaye hakuwepo.

Basi picha. Picha ya darasa ninayo, imetundikwa sebuleni kwangu Kiamunyi. Lakini siku ile mpiga picha aliposema "tayari", marehemu alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu. Kinachoonekana mstari wa mbele ni mgongo na nusu ya sikio. Miaka yote alijitetea kwamba ule ndio mgongo bora zaidi katika picha nzima. Lakini huwezi kuweka mgongo kwenye kijitabu cha mazishi.

Nikafunga duka, nikaenda mjini kwa mwenzetu mwingine wa darasa, ambaye nitamwita yule wa kamera. Majina nayaacha kabisa katika habari hii, maana mama yake marehemu ana simu nzuri na wajukuu wa kumsomea. Yule wa kamera anatoka familia ya Kisikh. Babake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na siku hizi ni lake. Shuleni yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kamera, zawadi ya mjomba, na Kiswahili chake kilitushinda sisi wote, kiasi kwamba mwalimu alikuwa akituambia tuone aibu.

Nilipomweleza, aliingia chini ya kaunta, akasogeza makopo ya rangi, akatoka na albamu iliyonuka tapentaini. Tuliifungua juu ya mzani wa misumari. Kurasa za kwanza zilikuwa picha za lori la babake. Halafu lori lile lile kutoka upande mwingine. Halafu tukafika.

"Ohoo," akasema yule wa kamera.

"Hapana," nikasema mimi.

Ilikuwa picha ya harusi. Bwana harusi alikuwa mrefu, suti imembana, macho yamemtoka kama mtu aliyekalia msumari. Bibi harusi alikuwa mdogo, mzuri, amevaa gauni jeupe refu na shela, ameinua kidevu kwa maringo. Bwana harusi ni mimi. Bibi harusi ni marehemu.

Hili nalo lina maelezo yake. Tulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wa Kiswahili alitunga mchezo wa kuigiza kuhusu bibi harusi mkaidi, tuupeleke kwenye mashindano. Shule ya wavulana haina wasichana, kwa hivyo mwalimu alitupanga mstari akatafuta mtu asiye na ndevu wala aibu. Marehemu alichaguliwa kabla mwalimu hajafika katikati ya mstari. Mimi nilichaguliwa bwana harusi kwa urefu tu, na nikapewa neno moja la kusema katika mchezo mzima: "Nimekubali." Nilifanya mazoezi ya neno hilo wiki sita. Nilikuwa nalisema bafuni, shambani, hata katikati ya sala ya jioni.

Gauni ndilo lililokuwa tatizo. Mwalimu alipanga tutumie shuka la bweni. Lakini marehemu alirudi kutoka likizo fupi akiwa na gunia la viazi, na chini ya viazi mlikuwa na gauni la harusi la kweli kabisa, lenye vifungo vidogo mgongoni na mkia wa kuburuta.

"Umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani."

"Wanajua?"

"Wewe unataka kuoa ama unataka kuuliza maswali?"

Siku ya mashindano, mbele ya majaji na shule kumi na kitu, padri wa mchezo aliniuliza kama nimekubali. Neno likaniruka. Nilisimama pale nikitazama dari. Ndipo bibi harusi akanishika mkono kwa nguvu, akawageukia watu akatangaza, "Amekubali! Na hata kama hajakubali, nani amemuuliza?" Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Tulipata nafasi ya pili, na jaji mmoja alisifu uigizaji wa bwana harusi, eti alionyesha hofu ya ndoa bila kutumia maneno. Yule wa kamera alitupiga picha nje ya ukumbi.

Hiyo ndiyo picha pekee ya sekondari iliyokuwa na uso wa marehemu. Tulijadiliana nusu saa. Mwishowe tuliona mkewe atacheka kidogo, na kucheka kidogo kungemfaa. Niliipiga picha kwa simu nikamtumia, na chini yake nikaandika: "Hatukupata nyingine. Mumeo ni huyo wa gauni. Pole sana, shemeji." Akajibu kwa alama ya mikono iliyounganishwa. Nikajua ameelewa.

Hakuwa ameelewa. Hakuwa hata ameiangalia. Simu yake ilikuwa na mamia ya rambirambi, na kila picha iliyoingia aliipeleka moja kwa moja kwa mtu wa uchapishaji mjini na maneno mawili: "Weka hii." Maandishi yangu yalibaki nyuma.

Mazishi yalikuwa kwa mamake, eneo la Bahati, kwenye shamba ambalo wazee walilinunua masetla wa Kizungu walipoondoka. Kulikuwa na baridi ile ya Bahati inayoingia kwenye viatu. Tulikaa mimi na yule wa kamera safu ya tatu ndani ya hema, tumevaa suti, na kilemba chake cheusi kikamfanya aonekane mheshimiwa kuliko mtu yeyote pale. Vijitabu vikaanza kugawanywa. Nilifungua changu. Ukurasa wa kwanza, marehemu mtoto. Ukurasa wa pili, marehemu na mabomba ya mvuke. Ukurasa wa tatu, nusu ukurasa mzima, mimi nimevaa suti ya kubana kando ya bibi harusi wangu, nyuso zimechapwa hafifu, na chini yake maandishi ya dhahabu: *Marehemu siku ya harusi yake.*

Marehemu na mkewe walifunga ndoa kanisani Naivasha. Watu wote waliokuwa kwenye hema lile waliijua harusi ile, wengi walikula wali wake. Na mkewe hakuwa mwanamke wa kwenye picha.

Ukiwa kwenye mazishi ya kwetu, kuna sauti moja utakayoitambua hata ukiwa umefumba macho. Ni sauti ya watu mia tatu wakigundua kwamba marehemu alikuwa na mke mwingine. Haianzi kwa kelele. Huanza kwa kurasa kufunguliwa, halafu koo zinasafishwa, halafu kina mama wanainamiana kofia kwa kofia. Wazee watatu waliinuka bila kuitwa wakaenda nyuma ya tangi la maji. Baba mdogo wa marehemu akafuata, akiwa na kijitabu kimekunjwa kama rungu.

"Umeona?" yule wa kamera akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Simama useme."

"Simama wewe. Wewe ndiye uliyepiga picha."

"Mimi nilipiga picha," akasema, "lakini wewe ndiye uliyeoa."

Sikusimama. Nasema ukweli, sikusimama. Nilijiambia kwamba watu watasahau, kwamba nywele nilizokuwa nazo wakati ule zimeondoka zote na hakuna atakayenitambua, kwamba pengine mvua itanyesha. Nilikunja miguu chini ya kiti nikawa mfupi kadiri nilivyoweza.

Baba mdogo alirudi kutoka kwenye tangi, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. Alikuwa mtu wa heshima na alijaribu kuwa mpole.

"Sisi kama familia hatuna ubaya na mtu," akasema. "Lakini kama kuna mama yuko hapa, amekuja kumzika mzee wake kwa njia ya siri, tunamwomba ajitokeze sasa. Asingoje mpaka kaburi lifunikwe ndipo aje na karatasi."

Watu wote wakageuka kutazama nyuma. Nyuma kabisa, karibu na masufuria, kulikuwa na mama mmoja mgeni, mfupi, ameshika bahasha kubwa. Alipoona macho mia sita yamemwelekea, alirudi hatua moja akagonga sufuria.

"Mimi nimeletwa na ofisi!" akapiga kelele. "Nimeleta rambirambi za ofisi! Mimi nina mzee wangu nyumbani Gilgil, na yuko hai!"

Hapo ndipo mjane alipofungua kijitabu chake kwa mara ya kwanza. Nilimwona akiitazama ile picha. Aliitazama kwa muda. Halafu akainua uso, akapitisha macho safu ya kwanza, safu ya pili, akanifikia.

"Shemeji," akasema, bila kipaza sauti, na hema lote likasikia. "Huyu bwana harusi ana masikio yako."

Watu mia tatu wakayatazama masikio yangu. Nywele huondoka, jamani, lakini masikio hubaki. Yule wa kamera akanisukuma kwa kiwiko, nikasimama. Mtu akanipa kipaza sauti. Mbele yangu lilikuwa jeneza la mtu niliyelala chini yake miaka minne, na kwa mara ya pili maishani nilikuwa mbele ya halaiki nikitakiwa niseme neno moja. Na kwa mara ya pili neno likaniruka. Safari hii hakukuwa na mtu wa kunishika mkono, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

"Huyo mwanaume ni mimi," nikasema hatimaye.

"Na mwanamke?" baba mdogo akauliza.

"Mwanamke ni marehemu."

"Amefariki pia?"

"Hapana, mzee. Mwanamke ndiye huyu marehemu. Huyu tunayemzika."

Pasta akafunga Biblia. Nikaeleza yote kwa haraka, mchezo wa kuigiza, mashindano, mwalimu, shule ya wavulana, nikirudia mara tatu kwamba tulipata nafasi ya pili, kana kwamba nafasi ya pili ingenisaidia. Kisha mjane akatoa sauti nikadhani analia, na alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yakiruka. Alikuwa anacheka. Aliinama akaufunika uso kwa kile kijitabu akacheka mpaka dada yake akamshika asianguke. Basi watu wakapata ruhusa. Kicheko kilianza kwa kina mama kikaenda mpaka kwenye masufuria, na mama wa bahasha ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mamake marehemu hakucheka. Alikuwa mwanamke wa karibu miaka themanini, amekaa mbele na blanketi magotini, na macho yake hayakuwa mazuri. Aliomba miwani. Akaomba kijitabu. Aliisogeza ile picha karibu na pua, akaisogeza mbali, akairudisha tena. Mimi nilijua anamtazama mwanawe, nikainamisha kichwa kwa heshima.

"Hili gauni," akasema, "ni langu."

Nilihisi baridi ya Bahati ikipanda kutoka kwenye viatu mpaka shingoni.

"Lilikuwa kwenye sanduku," akaendelea. "Nilienda kulitoa nimwazime binti wa kanisa, nikakuta sanduku tupu. Nililitafuta nyumba nzima."

Upande wa pili wa hema, mama mwingine mzee akainuka kwa fimbo yake. Alikuwa shangazi wa marehemu, wifi yake huyu mama. Baadaye niliambiwa habari nzima: wakati gauni lilipopotea, huyu shangazi alikuwa amekuja kukaa pale wiki moja, akaondoka na begi kubwa. Mama alimshuku. Hakumwambia moja kwa moja, aliwaambia wengine wote. Tangu hapo wanawake hawa wawili, waliokuwa wakiimba pamoja kwaya, wakawa wanaongea kwa kupitia watoto. Zaidi ya miaka thelathini. Kwenye harusi na mazishi walikaa kila mmoja upande wake, kama magoli ya mpira.

Shangazi alinijia polepole. Nilidhani anataka kipaza sauti, nikamnyooshea. Akakirudisha mkononi mwangu.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini, mama?"

"Gauni lilichukuliwa na nani?"

"Na... na marehemu."

"Sema kwa nguvu. Wale wa nyuma hawajasikia."

"Gauni lilichukuliwa na marehemu! Ndani ya gunia la viazi!"

"Tena."

Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya. Mamake marehemu alikuwa ameshusha miwani. Akasogea kwenye benchi akapapasa nafasi iliyobaki kando yake.

"Wifi," akasema, "njoo ukae hapa."

"Nitakuja," shangazi akajibu, "nikimaliza kusikia."

Sasa hema lote lilikuwa likifuta machozi, na hakuna aliyejua tena ni machozi ya aina gani. Shangazi alipoketi hatimaye, mama akamfunika nusu ya blanketi. Kisha akanigeukia mimi.

"Liko wapi sasa, gauni langu?"

Swali hilo nililiogopa kuliko yote. Ningeweza kudanganya kwamba lilipewa maskini. Lakini jeneza lilikuwa pale, na nilihisi marehemu ananisikiliza kwa hamu.

"Mama, mkia ulichanika nilipoukanyaga. Shela tulilifanya chandarua. Lililobaki lilikatwakatwa, likafuta ubao wa darasa mpaka mwisho wa mwaka."

"Ubao wa somo gani?"

"Hesabu, mama."

Akafikiri. "Angalau," akasema.

"Na bado alipata alama ya chini kabisa," mjane akasema, na yule mama kizee, mwishowe, akacheka.

Tulimzika. Nimeandika upuuzi mwingi hapa na sitaki mtu adhani kwamba siku ile ilikuwa mchezo. Udongo wa kwanza ulipogonga mbao, kicheko kilikatika kama stima. Mjane aliita jina lake mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama maji yamechemka. Mimi nilishika beleshe nikatupa udongo mpaka mikono ikachubuka, kwa sababu nilikuwa sijui kitu kingine cha kumfanyia. Ukuta mzima wa wanaume wa darasa letu ulikuwa pale, vitambi na vipara, tukipokezana mabeleshe, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Tulirudi jioni kwa gari la yule wa kamera, na tulipofika Lanet tukasimama tununue mahindi ya kuchoma. Tulikula tukiegemea gari. Yeye akaanza kuhesabu waliotutoka darasani kwetu. Wamefika wanne, pamoja na huyu tuliyetoka kumzika. Kuna yule aliyekula kipande kizima cha sabuni kwa sababu mtu alimwambia hawezi, akatoa povu siku nzima na kusamehewa kazi ya shamba. Kuna yule aliyeweza kulala amesimama kwenye gwaride, na siku moja aliimba wimbo wa taifa mpaka mwisho akiwa usingizini. Na kuna wa kwanza wao kuondoka, aliyefariki hata kabla ya wengi wetu kupata kazi, yule aliyeshinda mbio za nyika kidato cha pili na kupewa sufuria kama zawadi.

"Yule hakukimbia," nikasema. "Alidandia lori la maziwa nyuma ya kona. Kila mtu anajua."

"Halikuwa lori. Lilikuwa trekta."

"Lori. Aliruka akashuka karibu na geti, akajimwagia maji ya mtaro aonekane ana jasho."

"Trekta," akasema yule wa kamera, akitafuna. "Nilikuwa kwenye trela yake, chini ya majani ya ng'ombe. Yeye aliruka mapema akashinda. Mimi mguu ulinasa, nikapelekwa mpaka Njoro."

Nilimtazama. Miaka thelathini na kitu tumekuwa marafiki, na hajawahi kuniambia.

"Na ulirudije?"

"Kwa miguu," akasema. "Nilifika wa mwisho. Mwalimu akanipongeza kwa kutokata tamaa."

Mahindi yakaniingia puani. Nilikohoa mpaka mama wa mahindi akanipiga mgongoni, akaniuliza kama niko sawa, na yule wa kamera akamjibu kwa niaba yangu kwamba niko sawa kabisa, anipe hindi lingine, laini kuliko hilo.